Je, Kizuri Chajiuza? Habari za Wachukuzi wa Nyimbo, Ujiji na Kigoma

Wahenga wamesema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Kwa nguo iliyotandazwa sokoni maneno haya ni kweli, maana mnunuzi huiona kwa macho yake. Lakini wimbo hauonekani. Ukiisha kuimbwa umekwisha, na mtu aliye ng'ambo ya kilima hana habari kwamba uliimbwa. Kwa hiyo wimbo wahitaji mchukuzi. Leo tutaeleza tarikhi ya wachukuzi hao, tukitazama hasa mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Mchukuzi wa kwanza alikuwa mguu wa mwanadamu. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliukuta mji huo ni kikomo cha njia kubwa ya misafara itokayo pwani na kupita Tabora. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu, na, jambo la kuhuzunisha, ilipitisha watumwa pia. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, na ngoma ikalia ili watu wajue kuwa wageni waja. Wapagazi waliimba njiani wapate kuusahau uzito wa mizigo, na nyimbo zao zikasafiri pamoja nao kambi kwa kambi. Lakini safari ilikuwa ya miezi mingi. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone papo hapo Ujiji. Stanley alikuwa ametumwa na gazeti moja la Marekani, New York Herald, ambalo wenyewe walijua ya kuwa habari ikichukuliwa upesi ni mali.

Mchukuzi wa pili alikuwa gari la moshi. Wadachi walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905; ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kwa reli hiyo ililetwa meli nzima, ikiwa imefunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku. Iliundwa Ujerumani, ikaunganishwa tena Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wadachi wenyewe waliizamisha, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 Waingereza wakaiita Liemba. Safari iliyokuwa ya miezi sasa ikawa ya siku chache. Wakati wa vita vile, na baada yake, ngoma ya beni iliyozaliwa mwambao wa Kenya ilienea bara pamoja na askari, makarani na watu wa reli. Hapana aliyeagiza ienee. Ilifuata watu walikokwenda.

Mchukuzi wa tatu ndiye wa ajabu, kwa kuwa aliweza kuichukua sauti bila ya mwimbaji mwenyewe. Huyo ni santuri. Na hapa yatupasa kumtaja Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye Siti alivitembeza vyungu na kuvinadi kwa sauti nzuri, hata watu wakaanza kuisikiliza sauti kuliko kuvitazama vyungu. Basi fikirini: kizuri hiki hakikukaa kikajiuza, kilijitembeza. Mwaka 1928 Siti na wenziwe walivuka bahari hata Bombay, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni iliyokuwa na alama ya mbwa asikilizaye santuri. Toka hapo sauti yake iliuzwa madukani, ikaingia katika nyumba za watu wasioijua Unguja. Alifariki mwaka 1950.

Santuri ilikuwa na upungufu wake: ni lazima inunuliwe, nayo huvunjika. Mchukuzi wa nne, yaani simu ya upepo, ambayo leo twaiita redio, hakuhitaji njia wala sanduku. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Na mwaka 1965 ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam. Mtu wa Kigoma, aliye mbali na Dar es Salaam zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, aliweza kusikia neno saa ile ile lililosemwa. Siri yake ni mawimbi mafupi. Mawimbi hayo hupanda juu sana angani, yakarudishwa chini mbali. Tena mawimbi hayajui mpaka wala hayaombi pasi. Kwa hiyo muziki wa Kongo ulivuka Ziwa bila ya mtumbwi.

Lakini kila mchukuzi ana bwana wake. Kwa miaka mingi nyumba ya redio Tanzania Bara ilikuwa moja tu. Bendi iliyorekodiwa humo ilijulikana nchi nzima. Bendi isiyorekodiwa ilijulikana mtaani kwake. Hata mwanamuziki hodari kama Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, alipoingia nchini mwaka 1978 alijiunga na Orchestra Makassy, na Dar es Salaam ndiko sifa yake ilikokua. Sheria ya mwaka 1993 iliruhusu watu binafsi kutangaza, na mwaka 1994 Radio One ikaanza. Mlango mmoja ukawa milango mingi, ila mingi yake ilikuwa mji ule ule wa pwani.

Basi vijana wenye asili ya Kigoma walijulikana kwa kupitia milango hiyo. Mwaka 2012 wengi wao walikusanyika wakatoa wimbo ulioitwa kwa Kiha Leka Dutigite, na watu wakajua jinsi mkoa huo ulivyojaa waimbaji. Wawili katika wenye asili hiyo wakaendelea mbele zaidi. Diamond Platnumz alianzisha Wasafi FM mwaka 2019, na mwishoni mwa mwaka huo alifanya tamasha kubwa Kigoma. Alikiba naye alianzisha Crown FM mwaka 2024. Waliokuwa mzigo sasa wakawa wenye msafara.

Nanyi wanafunzi mnaotamani kazi ya utangazaji, fahamuni uzito wake. Anayechagua wimbo upi uchukuliwe, huchagua pia upi uachwe. Akipokea rushwa, humnyang'anya riziki mtu asiyemjua. Akiucheza wimbo bila ya kulitaja jina la mwenye kuutunga, amechukua mali na kumwacha mwenyewe njiani. Tena ajifunze lugha, kwa kuwa hawezi kukieleza kitu asichokifahamu.

Usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao Ziwani. Kizuri hakikosekani huko, wala katika ngoma za Waha vilimani. Kinachokosekana ni mtu mwaminifu wa kukichukua, akakifikisha, na kurudi na jawabu na ujira kwa mwenyewe.