Kanisa la Long Melford na Majina Yaliyo Ukutani

Katika jimbo la Suffolk, mashariki mwa Uingereza, hakuna mwamba wa kujengea unaostahili kutajwa. Ardhi ile ni ya chaki na udongo, na kilichofichwa humo kwa wingi ni mawe ya gumegume, madogo na magumu, yasiyokubali kuchongwa kwa mraba. Basi mtu afikaye Long Melford akalitazama Kanisa la Utatu Mtakatifu, lililojengwa upya katika nusu ya pili ya karne ya 15, hana budi kustaajabia jinsi waashi wa zama hizo walivyoigeuza dhiki hiyo ikawa fahari: walilipasua gumegume hata likatoa uso mweusi unaong'aa, wakalipachika baina ya mawe meupe ya chokaa yaliyoletwa kutoka mbali, nyuso za mawe hayo mawili zikawa sawasawa, na ukuta ukapata nakshi isiyohitaji lipu wala rangi.

Gharama yake ililipwa na sufu. Matajiri wa nguo wa mji ule waliigawa sufu kwa wasokotaji na wafumaji majumbani mwao, wakauza majora katika masoko ya mbali, na faida yake wakaitoa kwa kanisa. Mkuu wa wafadhili alikuwa John Clopton, sahibu wa jumba la Kentwell, ambaye mwaka 1462 alifungwa katika Mnara wa London kwa tuhuma ya kula njama dhidi ya Mfalme Edward IV. Mkabaila wa Oxford aliyeshitakiwa pamoja naye alikatwa kichwa, bali Clopton aliachiliwa, akaishi hadi 1497. Kaburi lake limewekwa kando ya madhabahu, penye heshima kuliko pengine pote.

Ndani, nguzo ni nyembamba na ndefu, na juu ya matao yake imepangwa safu ya madirisha mapana hata nuru inamiminika kotekote.

Lakini lililo adhimu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni maandishi. Nje, chini ya meno ya kuta, wafadhili waliamuru majina yao yaandikwe kwa jiwe na gumegume, wakimsihi kila apitaye aziombee roho zao na za jamaa zao. Na waliyaandika kwa Kiingereza, lugha ya sokoni, ili hata mfumaji asiyejua Kilatini apate kuyafahamu. Itikadi yao ilikuwa kwamba dua ya walio hai humfupishia marehemu adhabu ya toharani, na kwa hiyo jengo zima lilikuwa wakfu wenye masharti. Lakini katika mageuzi ya dini, sheria ya 1547 ilizifuta wakfu za namna hiyo, sanamu zikavunjwa na vioo vingi vya rangi vikapotea. Hata hivyo majina yale yalibaki juu ukutani, yakiendelea kuomba lile ambalo dola ilikuwa imelikataza. Roger Martyn, mzawa wa hapo aliyeshikilia Ukatoliki, aliandika uzeeni habari za madhabahu na sikukuu alizoziona utotoni, na bila waraka wake tungelikuwa na ganda la jengo tu, tusijue kilichotendeka ndani yake.

Mnara wa kale uliharibiwa na radi mwanzoni mwa karne ya 18, ukajengwa wa matofali, nao msanifu majengo Bodley akauvika jiwe na gumegume baina ya 1898 na 1903, kwa adabu ninayoisifu.

Upande wa mashariki kipo Kikanisa cha Bikira Maria, chenye tarehe ya 1496, ambacho chumba chake cha kati kimezungukwa na ushoroba pande zote, mpango ulio nadra sana katika makanisa ya parokia. Baada ya mageuzi ya dini kiliachwa bila kazi, hata kuanzia mwaka 1670 hivi kikafanywa skuli, wakasoma humo watoto wa mji hadi mwanzoni mwa karne ya 18. Na jedwali lao la kuzidisha lingalipo ukutani.