Kabla ya Mwalimu wa Unasihi Alikuwepo Somo: Nani Alimsikiliza Msichana wa Nachingwea na Ruangwa?



Leo tunaweka kando mishono na mapishi tuzungumze historia. Wengi mnatujua kwa cherehani zetu hapa Unguja, ila wachache mnajua kwamba sisi ni watoto wa Nachingwea, tuliokuja visiwani kwa ndoa. Kila mwaka wanapofungua shule tunashona sare, na kila mwaka kuna mama anayekuja dukani kulipia sketi ya mwanawe, halafu anabaki amesimama. Ukimuuliza, anakwambia, "Mwanangu amebadilika, haongei na mimi." Swali lake ndilo tunaloandikia leo: mtoto wa sekondari akibanwa na jambo, anamwendea nani?

Huko kwetu kusini swali hili lina historia ndefu, na historia yenyewe inagusa visiwa hivi.

Somo, kungwi na mjomba

Tuanze na mtu mnayemjua. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, wageni walimjua kwa taarab. Wanawake wa Unguja walimjua pia kwa unyago. Alipiga msondo, aliwafunda wari, akawatoa. Na unyago huo haukuota hapa. Uliletwa na mabibi zetu waliotoka kusini ya bara na upande wa Nyasa, wengi wao wakiletwa kwa nguvu katika biashara ya utumwa. Walinyang'anywa kila kitu, lakini elimu ya kumlea msichana walikuja nayo kichwani.

Kwa Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde, ambao ndio wenyeji wa pande za Nachingwea, Ruangwa na Masasi, mtoto hakuachwa akue peke yake. Wavulana walikwenda jandoni, wasichana wakaingia unyagoni. Kila mwali alikuwa na kungwi wake, na kungwi hakuwa mama mzazi. Hilo lilikuwa na maana yake. Wazee walijua kuna maneno mtoto hawezi kumwambia mama yake, na mama naye hawezi kumwambia mwanawe bila wote wawili kuinamisha macho. Kwa hiyo akawekwa mtu wa tatu, mwenye heshima na mwenye siri. Kwa kuwa ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, mjomba naye alikuwa na sauti. Kijana akikosana na baba yake alijua nyumba ya kukimbilia.

Huo ulikuwa ushauri nasaha kabla neno hilo halijaandikwa kwenye waraka wowote. Mwali alifundishwa usafi wa mwili, adabu kwa wakubwa, na namna ya kuishi na mume. Kasoro zilikuwepo, na tutazifikia.

Misheni, karanga na kambi

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kiingereza ya UMCA aliondoka hapa Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Wengi wao asili yao ilikuwa pande za Nyasa. Safari iliishia Masasi, jirani na Nachingwea, wakajenga hapo. Yaani watu waliovushwa bahari kwa minyororo walirudi kusini wakiwa na vitabu, na shule zikafuata.

Shule zilipokuja, jando na unyago vikawa mtihani. Wamishonari wengi walitaka vikomeshwe. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, alipita njia nyingine. Aliona ukiviondoa kabisa mtoto atabaki hana mlezi, akaviingiza ndani ya kanisa, jando likawa na sala na padri. Sisi ni Waislamu na hatuandiki haya kusifu dini ya mtu, lakini mwenye akili husema kweli: mgeni yule alitambua kwamba shule peke yake haimlei mtoto. Kwa wasichana kazi ilimwia ngumu zaidi, kwa sababu mambo ya unyago ni siri ya wanawake na wanawake hawakuwa tayari kuyaanika.

Mwaka 1947 Waingereza wakaleta mradi mkubwa wa karanga. Nachingwea ikafyekwa kwa matrekta, reli ikajengwa kutoka Mtwara, vijana wakamiminika kutafuta mshahara. Mradi ulianguka, na mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikafuta hasara ya pauni kama milioni 36. Reli nayo baadaye ikang'olewa. Vitabu vinahesabu pauni. Sisi tunafikiria yale majumba ya vijana, waliotoka mbali na wajomba zao, wenye pesa mfukoni na hakuna wa kuwaambia neno.

Kisha ikaja kambi. Miaka ya 1960 chama cha FRELIMO cha Msumbiji kilipewa Nachingwea kuwa mahali pa mafunzo ya vita vya ukombozi. Mwaka 1967 wasichana 25 walipata mafunzo hapo, mmojawapo Josina, ambaye baadaye aliolewa na Samora Machel. Akakabidhiwa mambo ya jamii, akashughulikia malezi ya watoto ambao vita vimewaacha bila wazazi. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, na hadi leo Msumbiji huiadhimisha siku hiyo kuwa siku ya wanawake wao. Wakubwa wetu walipotutajia kambi, walitaja bunduki. Tungependa watoto wa Nachingwea waambiwe pia kwamba hapo kwao alipita msichana aliyejua kuwa mtoto aliyepatwa na msiba anahitaji zaidi ya chakula.

Shule za kata na mageto

Tunafika zama zetu. Katikati ya miaka ya 2000 serikali ilihimiza kila kata ijenge sekondari yake. Ilikuwa neema, tusiikufuru. Watoto ambao wangeishia darasa la saba wakavaa sketi za kidato cha kwanza, sisi tukiwemo. Ila kata za kwetu ni kubwa na vijiji viko mbalimbali. Mtoto wa miaka 14 alipangishiwa chumba mtaani, tukaviita mageto. Alijipikia, alijilaza, na mzazi alimwona anapokwenda kuchukua unga.

Shuleni kulikuwa na mwalimu wa zamu, mwalimu wa nidhamu, na matroni kwa jina. Mwalimu wa nidhamu tulimjua kwa fimbo. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au aliyemteua, na msichana achapwe na mwalimu wa kike. Sisi wakati ule hatukujua kwamba kuna kanuni, na hatuna hakika kama waliotuchapa walizijua.

Tulikuwa na mwenzetu. Jina lake hatulitaji, wala shule yetu hatuitaji. Alikuwa hodari wa hesabu kuliko wavulana. Mwaka 2006, tukiwa kidato cha tatu, akaanza kusinzia darasani. Sisi tuliokaa naye chumba kimoja tulijua. Tulimwona mtu mzima aliyekuwa akimletea sabuni, mafuta na hela ya chipsi. Tulijua na tukanyamaza, kwa sababu hatukuona mlango wa kugonga. Kumwambia mwalimu ilikuwa kumpeleka kwenye fimbo, na kumwambia mama yake ilikuwa kumuua mama. Kungwi wake alikuwa kijijini, na unyagoni alimfunda awe mke, hakumfunda jinsi ya kuwa mwanafunzi mwenye njaa mjini. Shule ilimfundisha awe mwanafunzi, lakini mwili wake haikuutaja ila siku ya kumpima.

Hapo ndipo uzi ulipokatika. Nguo mbili nzuri, ila hakuna aliyeziunga mshono. Akapimwa, akaandikiwa barua, akarudishwa kwao. Yule mwanamume hatukusikia ameulizwa neno.

Tusiwanyooshee bara kidole tukajisahau. Hapa Zanzibar sheria ya mwaka 1985 ilimpeleka gerezani msichana asiye na mume aliyepata mimba. Ilibadilishwa mwaka 2005, ikawekwa nyingine yenye huruma zaidi, na tangu 2010 skuli zetu huwapokea wasichana waliojifungua. Bara iliwachukua muda. Tangazo la kuwaruhusu kurudi lilitolewa na waziri wa elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, tarehe 24 Novemba 2021.

Mwalimu mlezi anakuja

Je, hakuna aliyefikiria ushauri shuleni? Walikuwepo. Miaka ya 1990, mkoani Mwanza, mradi mmoja wa kupambana na UKIMWI uliweka walimu wa kike kuwa walezi katika shule za msingi, wasichana wawe na wa kumwambia wanaposumbuliwa na wanaume, wakiwemo walimu wenyewe. Tazameni ulivyofanana na utaratibu wa kungwi: mtu wa tatu, mwanamke, mwenye siri.

Mwaka 2013 ikaanza bara namba ya simu 116, mtoto apige bure aeleze shida yake. Kuanzia 2020 ukaja mradi wa serikali wa kuimarisha sekondari, SEQUIP, uliokuwa na sehemu iitwayo Shule Salama, na ndani yake walimu wakaandaliwa kwa kazi ya ushauri na unasihi. Neno limebadilika, na kidogo kidogo mambo nayo yanabadilika.

Desemba 2022 tulikwenda kuzuru. Basi linapoacha barabara kuu pale Nanganga kuelekea Ruangwa, moyo huanza kupiga kama wa mtoto. Mwenzetu yule tulimkuta Ruangwa, ana kibanda cha chakula, maandazi yake yanagombaniwa. Na mtoto wake, yule yule wa barua, wakati huo alikuwa na miaka 15, kidato cha pili.

Tulimuuliza binti, shuleni kwenu kuna mtu wa kumwambia mambo? Akasema yupo, madamu wa unasihi, mpole. Tukashukuru Mungu. Kisha akaongeza, "Lakini ana vipindi vingi, na ofisi yake ni hiyo hiyo ya walimu wote. Ukiingia kila mtu anakutazama." Tukakumbuka wazee. Kungwi alikuwa na faragha yake, hakumfunda mwali sokoni.

Usiku mama mtu akatuvuta uani. Akasema, "Mie siwezi kusema naye. Nikifungua mdomo naona aibu ya yangu. Semeni naye nyie." Dada zetu, tuliona uzito. Sisi tulionyamaza mwaka 2006 ndio tunaombwa kusema. Tukamwambia kwanza, "Tusamehe, tulijua." Akanyamaza kitambo, akasema, "Nilijua kuwa mnajua." Hatukuongeza la zaidi. Asubuhi tukakaa na binti chini ya mkorosho mpaka jua likawa kali.

Tuchukue nini

Wako wanaosema unyago ndio uliowaharibu watoto wa kusini. Hawakukosea yote. Kumfunda mtoto wa miaka 10 mambo ya ndoa ni kumwahisha, na kumtoa darasani kwa ajili ya ngoma ni kumdhulumu, ingawa siku hizi familia nyingi hungoja likizo. Lakini wanaotaka ufutwe wajibu: wameweka nini mahali pake? Tulichokiona ni kwamba kungwi aliondolewa mapema na mwalimu wa unasihi akachelewa, na waliokua katikati ya hao wawili ndio sisi.

Dini yetu haikutuacha bila mfano. Luqman alimpa mwanawe nasaha kwa maneno ya upole, akaanza na imani, akamalizia na adabu ya kutembea na kuzungumza. Hakuanza na bakora.

Basi tunaomba mambo matatu. Mwenye mtoto sekondari aulize shule ina mwalimu wa unasihi au haina, na kama yupo, ana chumba chake au hana. Mama anayeona haya amchagulie mwanawe somo anayemwamini, shangazi, mwalimu wa madrasa au rafiki mcha Mungu, na amjulishe mtoto waziwazi kwamba huyu ni wako, mwambie lolote. Na sisi tunaojua jambo la mtoto wa jirani tusinyamaze tukaita kunyamaza huko stara. Stara ni kumfunika mwenzio asiaibike, na yule tulimwacha.

Binti wa Ruangwa hutupigia simu kila baada ya wiki mbili. Mara nyingi hana shida, anataka kusikia tu kama tutapokea. Tunapokea.

Allah awalinde watoto wetu wa bara na visiwani, na atupe ndimi za kusema nao kabla hawajasemeshwa na wengine. Amin.

Wabillahi tawfiq.