Kombe la Sabuni na Karanga za Kusini

Katika historia ya mpira wa Afrika Mashariki imeandikwa kwamba Tanganyika ilitwaa Kombe la Gossage mara tatu mfululizo, mwaka 1949, 1950 na 1951. Katika historia ya uchumi imeandikwa kwamba miaka hiyo hiyo Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza ulianguka vibaya. Mambo haya mawili hufundishwa kama kwamba hayakujuana. Sisi tunasema yalijuana, tena yalitoka nyumba moja. Na mahali pa kusimama ili kuliona jambo hilo si Nairobi wala Dar es Salaam, bali ni Mtwara.

Kombe lenyewe lilianza mwaka 1926, Kenya ikicheza na Uganda. Lilitolewa na kampuni ya sabuni ya Gossage ya Uingereza, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kumezwa na kampuni kubwa ya Lever Brothers. Tanganyika iliingia mwaka 1945. Zanzibar ilipoingia mwaka 1949 nchi zikawa nne, na mashindano yakawa ya mtoano: atakayefungwa afunge virago. Kwa hiyo kila shabiki aliyelitaja kombe hilo, awe mchukuzi wa bandarini au karani wa boma, aliitangaza sabuni bila ya kulipwa hata senti moja.

Sasa tuangalie sabuni hutengenezwa kwa nini. Hutengenezwa kwa mafuta. Mwaka 1929 Lever Brothers waliungana na wenye viwanda vya majarini wa Uholanzi, ikazaliwa Unilever, na tawi lake la biashara katika Afrika likawa United Africa Company. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta; sabuni kwao iliuzwa kwa mgao kuanzia 1942 hadi 1950. Mwaka 1946 mkubwa mmoja wa United Africa Company, Frank Samuel, alipeleka kwa serikali yake shauri la kulima karanga katika Tanganyika kwa matrekta. Shauri likakubaliwa, na kampuni hiyo hiyo ikapewa kuusimamia mpango hadi mwaka 1948, ulipokabidhiwa shirika la serikali ya Uingereza.

Makada wanaosoma makala hii wazitazame hesabu za mpango huo. Tanganyika ilipangiwa mashamba 80, kila moja eka 30,000. Kongwa ilipangiwa 15, Urambo 10. Jimbo la Kusini lilipangiwa 55! Yaani zaidi ya nusu ya ndoto yote ilikuwa imewekwa juu ya mabega ya Kusini, ambako hapakuwa na reli wala bandari ya kina. Ndiyo sababu reli ikajengwa kwenda Nachingwea, na ndiyo sababu Mtwara, jirani ya mji wa kale wa Mikindani, ikachaguliwa kuwa bandari. Barabara za mji ule zilichorwa ili mafuta yasafiri kwenda viwandani Ulaya. Mkulima wa uwanda wa Makonde, aliyekuwa akiteka maji mbali, hakuwamo katika ramani ile ila kama mikono ya kufanya kazi.

Basi msimu wa 1949 ulikuwa hivi: huku timu ya Tanganyika inapigania kikombe cha sabuni, huku Kusini visiki vinang'olewa kwa ajili ya mafuta ya sabuni. Kikombe kilipatikana, karanga hazikupatikana. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuufuta mpango, na kiasi cha paundi milioni 36 zikawa zimepotea. Bandari ya Mtwara ilikamilika mwaka 1954, wakati karanga zimekwisha kuzikwa. Reli nayo haikudumu. Iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Wapo wenzetu wanaohitimisha haraka kwamba mpira wa mkoloni ulikuwa kilevi tu cha kuwasahaulisha wafanyakazi. Hoja hiyo ni nyepesi mno. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1947, wakagoma tena Februari 1950 hata pakatokea mapambano, na chama chao kikavunjwa. Mwaka ule ule wa 1950 kombe likarudi Tanganyika. Wafanyakazi hawakulewa. Walijua kugoma na walijua kushangilia, na hawakuona kwamba jambo moja linalikataza la pili. Hatudai kwamba mpira ulileta Uhuru. Hayo yangekuwa maneno ya barazani. Tunachosema ni kwamba mkoloni alitaka jina la sabuni litajwe, na umma ukashangilia jina jingine: Tanganyika. Miaka mitano baada ya ushindi ule wa kwanza, Julai 1954, jina hilo lilikuwa katika jina la TANU.

Lakini Kusini ilipata nini katika ushangiliaji huo? Hapa ndipo uchambuzi unapouma. Kombe lilizunguka katika miji mikubwa ya nchi zile nne, na Mtwara ikabaki na gati. Gati hilo baadaye lilikuja kupakia korosho za wakulima, na Nachingwea ikawa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO. Matumizi ambayo Bwana Samuel hakuyaota.

Kombe la Gossage lilichezwa kwa mara ya mwisho mwaka 1966. Mwaka 1967 likaitwa Kombe la Chalenji. Ni mwaka wa Azimio la Arusha, lakini tusijidanganye kwamba Azimio ndilo lililoifuta sabuni. Nchi tatu zilihusika, na moja tu ndiyo iliyokuwa na Azimio. Mwaka 1973 yakawa mashindano ya CECAFA, na mwaka 1974 Tanzania ikayashinda. Ilipoyashinda tena Dar es Salaam, Desemba 2010, kwa kuifunga Ivory Coast bao moja kwa bila, kombe lilikuwa na jina la bia.