Urudufu wa Mitandao (Kibera na Kawangware)

Urudufu ni hali ya mtambo kuwa na kiungo cha ziada kinachoweza kubeba kazi ya kiungo kingine kikifa: waya wa pili, seva ya pili, betri nyuma ya stima. Upokezi wa zamu ni kitendo chenyewe cha kiungo hicho kushika kazi, ama kwa mkono wa mtu ama bila kuguswa. Mafundi wa Nairobi huviita vyote viwili bakapu, na hapo ndipo wateja wengi hupotezwa. Mwenye modemu ya ziada kabatini huambiwa ana bakapu, wakati alicho nacho ni modemu kabatini.

Kibera iko kusini-magharibi mwa katikati ya jiji, Kawangware magharibi, na Barabara ya Ngong inapita kati yao. Somo hili kwa kawaida hufundishwa kwa picha ya chumba cha seva chenye kiyoyozi na jenereta mbili uani. Katika mitaa hii miwili linaonekana vizuri zaidi, kwa kuwa kila kitu kiko nje: nyaya zinaning'inia, antena ziko juu ya mabati, na laini ya pili iko mfukoni mwa wakala wa M-Pesa.

Hesabu ya njia mbili

Kampuni ikiahidi kwamba laini yake hupatikana asilimia 99 ya wakati, ahadi hiyo inapendeza mpaka uigeuze kuwa saa. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo asilimia moja inayobaki ni saa 87 na dakika 36, zaidi ya siku tatu na nusu bila mtandao. Ukiongeza laini ya pili yenye sifa ile ile, na kila moja ikawa inakufa kwa sababu zake, uwezekano wa kuzikuta zimekufa pamoja unashuka hadi moja kwa elfu kumi, yaani dakika 53 hivi kwa mwaka. Hesabu hiyo ndiyo inayouza laini za pili.

Maneno mazito humo ni "kwa sababu zake". Tuseme laini zote mbili zinaingia kwenye ruta zinazolishwa na transfoma moja, na transfoma hiyo hulala saa 50 kwa mwaka. Zile dakika 53 zinabaki karatasini. Mtumiaji anakosa mtandao saa 50 na zaidi. Ndiyo maana mkaguzi mzuri haanzi kwa kuhesabu vitu vilivyo viwili. Huanza kwa kutafuta kile ambacho bado ni kimoja.

Kibandani

Meza ya wakala wa M-Pesa, iwe Makina ndani ya Kibera au kule Kawangware 46, huwa na simu mbili za vibonye, moja ya M-Pesa na nyingine ya Airtel Money, pawabenki, chaja yenye vichwa viwili, na daftari la mistari lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kwa macho, urudufu umekamilika. Lakini floti ya M-Pesa haihamii Airtel Money mtandao ukipotea. Pesa iliyo upande uliolala hulala nao. Tena mteja naye lazima awe na laini ya pili. Asubuhi ya 24 Aprili 2017 mtandao wa Safaricom ulipotea nchini kwa saa kadhaa, simu, data na M-Pesa kwa pamoja, na mwenye laini ya kampuni nyingine akagundua kwamba watu aliotaka kuwapigia hawakuwa nayo. Njia ya akiba yenye mwisho mmoja tu si njia.

Daftari lile ndilo kiungo cha zamani kuliko vyote hapo mezani, na halihitaji kuchajiwa.

Mita za stima za kulipia kabla zimefunga fundo lao. Tokeni za Kenya Power hununuliwa kwa simu, na simu inategemea mlingoti, na mlingoti unategemea stima au betri. Mduara huu huwa haukazi kwa sababu simu ina betri yake, na menyu ya M-Pesa haitaki waifai. Ila mwishoni mwa Julai 2023, shambulio la mtandaoni lililolenga jukwaa la serikali la eCitizen lilifuatana na vurugu katika huduma nyingine, na ununuzi wa tokeni ukakwama pia. Kukaa gizani nyaya zikiwa nzima na pesa zikiwa kwenye simu ni aina ya hitilafu ambayo hakuna jenereta inayoiponya.

Stima yenyewe ina urudufu wa kienyeji. Nguzo za mtaani hubeba fezi tatu. Moja ikianguka, upande mmoja wa barabara huzima na mwingine unaendelea kuwaka, basi kinyozi huvuta ekstensheni kutoka kwa jirani wa ng'ambo na kumalizia kichwa cha mteja. Huo ni upokezi wa zamu kwa mkono, na hufaa mpaka transfoma nzima izime. Kibera ina tatizo la ziada la "sambaza", yaani stima ya kuunganishiwa bila mita, ambayo mara nyingi haifiki na nguvu zote. Balbu huvumilia. Ruta haivumilii: hujizima na kujiwasha mfululizo, na kila ikijiwasha huutangazia mtandao kwamba imerudi. Kwa mtandao wenye akiba, njia ya kufa na kufufuka kila dakika ni balaa kuliko iliyokufa moja kwa moja.

Juu ya mabati

Intaneti ya nyumbani katika mitaa hii imesukumwa sana na mawimbi ya redio. Kibera na Kawangware zilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo ya poa! Internet, kampuni iliyolenga wakazi wa kipato cha chini, na Kibera ina pia mtandao wa kijamii wa TunapandaNET, uliojengwa na Taasisi ya Tunapanda kuunganisha shule na vituo vya vijana. Jiografia inaamua mengi. Kibera imelala kwenye mteremko unaoshukia Mto Ngong na Bwawa la Nairobi, nyumba nyingi ni za chini, na antena hutafuta jengo lolote refu ambalo zote zinaweza kuliona. Kawangware ina ploti nyingi za gorofa, kwa hiyo paa za kuchagua zipo zaidi.

Jengo hilo refu ndilo kile kimoja kinachotafutwa na mkaguzi. Antena ishirini zikilitazama paa moja, mwenye paa akigombana na fundi kuhusu kodi, zote ishirini hupofuka. Dawa yake ilielezwa mwaka 1964 na Paul Baran wa taasisi ya RAND nchini Marekani: kila kituo kishikane na majirani kadhaa, kama mafundo ya wavu wa mvuvi, ili ujumbe upite kando ya fundo lililokatika. Baran alionyesha kwamba hauhitaji mikono mingi. Viungo vitatu au vinne kwa kila kituo vinatosha kuufanya wavu uwe mgumu sana kuvunjika vipande. Mtandao wa aina hii ukiwa na seva ndani yake una faida nyingine: mwanafunzi hufungua somo lililohifadhiwa mtaani hata laini ya kwenda nje ikikatika.

Faiba nayo imeingia, na mara nyingi huning'inizwa kwenye nguzo za stima. Hapa muuzaji hadanganyi akisema laini mbili ni za kampuni mbili. Anasahau tu kutaja kwamba nguzo ni zile zile. Lori likigonga nguzo moja, au moto ukianza kwenye safu ya nyumba za mabati, kampuni zote mbili hukatika kwa dakika moja. Na kuna hatari ambazo hazimo katika kitabu chochote cha mitandao: Julai 2018 matingatinga yalibomoa makazi ya maelfu ya watu wa Kibera, pamoja na shule, kupisha barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata. Ramani yoyote ya antena iliyochorwa Juni ya mwaka huo ilihitaji kuchorwa upya.

Kutoka mtaani hadi baharini

Nyuma ya laini zote za Nairobi kuna bahari. Hadi 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nje; mwaka huo zikafika Mombasa SEACOM na TEAMS, ikafuata EASSy mwaka 2010 na LION2 mwaka 2012. Nyaya kadhaa zilionekana kumaliza tatizo. Februari 2012 nyaya zilikatika katika Bahari ya Shamu, na kabla hazijatengenezwa, nanga ya meli ikaikata TEAMS karibu na Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini, wakati nyaya za upande wa Bahari ya Shamu zilikuwa tayari na majeraha ya Februari. Njia ya kusini na njia ya kaskazini, zote pungufu kwa wakati mmoja. Majina ya kampuni yalikuwa tofauti, sakafu ya bahari ilikuwa moja.

Urudufu wa aina nyingine ni kupunguza haja ya bahari. Kituo cha kubadilishana data cha KIXP kilifunguliwa Nairobi mwaka 2000 na watoa huduma wa intaneti, kikafungwa baada ya muda mfupi kutokana na malalamiko ya Telkom Kenya, kisha kikafunguliwa tena Februari 2002. Kabla yake, barua pepe kati ya ofisi mbili za mtaa mmoja ingeweza kupanda setilaiti hadi ng'ambo na kurudi. Pesa ya kibandani nayo ilipitia ng'ambo: mitambo mikuu ya M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007, ilikuwa Ujerumani hadi 2015 ilipohamishiwa Kenya.

Namna zamu inavyopokelewa

Ili kifaa cha akiba kishike kazi lazima kijue kwamba mwenzake amekufa. Katika kanuni ya VRRP, iliyochapishwa mwaka 1998, ruta kiongozi hutuma ishara kila sekunde, na akiba ikikosa tatu mfululizo hujitangaza kiongozi. Swali gumu ni kifo kinapimwa wapi. Ruta ndogo ya saiba hutazama kama waya umechomekwa na taa ni ya kijani; lakini taa hiyo husema tu kwamba boksi la ukutani liko hai. Faiba inaweza kuwa imekatika Dagoretti Corner na taa ikaendelea kung'aa kijani. Kwa hiyo fundi makini huiagiza ruta iulize anwani za mbali, tena zaidi ya moja, kwa sababu ikiuliza moja tu na mwenye anwani hiyo akalala, laini nzima itaachwa bure.

Fisi wa methali alishindwa na njia mbili, na mitandao ina ugonjwa wake huohuo. Waya unaounganisha ruta mbili ukikatika, kila moja huamini mwenzake amekufa, zote mbili hujitwalia uongozi na anwani ile ile, na data hupasuka msamba. Tiba ni kuwa na shahidi wa tatu wa kupiga kura. Hatari ya pili ni mzunguko: mtoto wa saiba akichomeka ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi ya bei nafuu, ujumbe huzunguka ukijizalisha mpaka mtandao mzima uzame. Mhandisi Radia Perlman alibuni mwaka 1985 kanuni ya kuzima njia za ziada mpaka zitakapohitajika, na swichi za bei nafuu ndizo ambazo huikosa.

Nairobi imewahi kutoa kifaa chake cha kazi hii. BRCK, kilichobuniwa na watu wa shirika la Ushahidi na kuchangiwa fedha na umma mwaka 2013, kilihama chenyewe kati ya waya, waifai na mtandao wa simu, kikiwa na betri ya kudumu hadi saa nane. Kuhama huko kuna gharama ambayo matangazo hayaisemi: anwani hubadilika, hivyo simu ya video hukatika na benki humtaka mtu aingie upya.

Akiba inayooza

Waswahili husema akiba haiozi. Ya mtambo huoza: betri huchoka, dizeli huchafuka, bando huisha muda. Usiku wa 25 Agosti 2023 Kenya iliingia gizani karibu nchi nzima, na katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta jenereta ya kuhudumia sehemu ya majengo ya abiria haikuwaka. Waziri wa Uchukuzi aliomba radhi, na mkurugenzi wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa. Kuna kichekesho humo: jenereta za mahali pakubwa hukaa muda mrefu bila kuitwa, ilhali pawabenki ya Gatwekera, ndani ya Kibera, hujaribiwa kila stima ikipotea, yaani mara kwa mara.

Akiba inaweza pia kuwa hai na bado ikazidiwa. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alianguka juu ya transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru. Transfoma ikazima, mzigo ukaiangukia mitambo mingine ya kituo, nayo ikazima, zaidi ya megawati 180 zikapotea na nchi ikawa gizani. Tumbili alipona.

Jaribio la kweli la saiba ya Kawangware huchukua dakika kumi. Mmoja anapiga simu ya video, wa pili anachomoa faiba bila kumwambia lini, wa tatu anatazama saa. Kisha faiba inarudishwa na kutazamwa jambo ambalo wengi husahau: kama ruta itarudi yenyewe kwenye faiba, ama itaendelea kula bando la modemu ya akiba mpaka liishe usiku.