Njia za Miguu za Newala na Masasi

Mwezi wa sita mwaka jana nilikwenda kijijini kwetu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde upande wa Newala, nikakuta njia ya kuteremkia chemchemi imezibwa kwa matawi ya miiba. Mwenye shamba jipya la mikorosho alikuwa na hati mkononi. Serikali ya kijiji ilikuwa na ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi, yenye mihuri yote inayostahili, na katika ramani hiyo njia ile haikuwepo. Nilielezwa kwamba mpimaji alipita kijijini kwa pikipiki. Shangazi yangu, ambaye ameteremka njia ile tangu utotoni, aliniuliza swali moja tu: "Baba, hiyo karatasi yao inateka maji wapi?"

Swali hilo ni la kihistoria kuliko linavyosikika. Anayetoka Masasi kwenda Newala huyaacha nyuma yake majabali yaliyosimama peke yake katika nchi tambarare, Mtandi likiwa mojawapo, kisha hupanda ghafla hadi juu ya uwanda. Huko juu ardhi ni ya kichanga na mwamba wake unapitisha maji. Mvua inyeshayo haikai, huzama, ikatokea tena chini kabisa, miguuni pa genge. Hivyo watu wako juu na maji yako chini. Wamakonde wenyewe wana maelezo yao juu ya jambo hili, na Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliyatia katika kitabu chake: mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, ikageuka kuwa mwanamke, watoto waliozaliwa karibu na mto walikufa, na ni yule aliyezaliwa juu, mbali na maji, ndiye aliyeishi. Ukiiondolea simulizi hiyo mambo ya ajabu, unabaki na uamuzi wa kijamii: afya na usalama vilichaguliwa, na gharama yake ikalipwa kwa miguu. Kwa miguu ya nani? Ya wanawake. Hili simulizi haisemi.

Usalama haukuwa neno tupu. Katika karne ya 19, wakati biashara ya watumwa ilipozidi na mashambulizi ya Wangoni yalipofika hadi huku, vichaka vizito vya uwandani vilikuwa ngome. Vijia vilipindapinda kwa makusudi, na mgeni asiye na mwongozaji alipotea. David Livingstone alishuhudia ubishi wa vichaka hivyo mwaka 1866, alipotoka Mikindani kuufuata mto Ruvuma akiwa na ngamia. Njia zilimtosha mtu na mzigo wake, lakini ngamia hakupita, ikabidi Livingstone awaajiri Wamakonde wenye mashoka wamkatie msitu. Nikiwafundisha wanafunzi wangu huwaambia wasome tukio hilo kinyume. Wengi hulichukua kuwa ni habari ya nchi isiyo na njia, ilhali nchi ilikuwa na njia tele, ila hazikujengwa kwa ajili ya ngamia.

Masasi nayo ilizaliwa njiani, nami nasema hivyo bila tamathali. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliondoka Unguja, akapitia Lindi, akiongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani, nia ikiwa kuwafikisha nchi za Nyasa walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi waliona panawafaa, wakakaa. Fikiri, msomaji: watu waliokuwa wameteremshwa pwani wakiwa wamefungwa, sasa wanapanda kurudi bara kwa hiari yao, kwa miguu ileile. Mwaka 1882 Wangoni walipoishambulia Masasi, sehemu ya misheni ilihamia Newala chini ya Chauncy Maples, kwa jirani yao Matola, mtawala wa Kiyao. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, misheni ya Masasi ilichomwa moto. Vita ile ilienea upesi hivyo kwa kupitia vijia ambavyo dola ya Kijerumani haikuvijua.

Ndiyo maana dola ile iliipenda barabara. Neno lenyewe, ukilitazama, limebeba hukumu: barabara ni njia pana, na barabara ni sawasawa, kama inavyopasa. Basi kijia kinachopinda kimeshahukumiwa na kamusi kabla ya kufika mbele ya Afisa Tarafa! Mwaka 1917, majeshi ya Lettow-Vorbeck yaliporudi nyuma kupitia Newala na kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji, ni wapagazi katika njia nyembamba waliobeba vita ile kichwani.

Miaka ya 1950 mabomba yalianza kupandisha maji uwandani kwa mradi wa Makonde, na miaka ya 1970 Wafini walisaidia kupanga maji ya Mtwara na Lindi. Siudharau mradi wowote. Bomba likitoa maji, hakuna mwanamke anayelilia mteremko. Ila pampu huharibika, mafuta huisha, na siku hiyo watu huirudia njia. Njia ni akiba.

Kisha likaja suala la vijiji. Watu walihamishiwa kando ya barabara, mikorosho ikabaki ilikokuwa, na mwendo wa kwenda shambani ukarefuka. Mavuno ya korosho nchini yalifikia takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, yakaporomoka hadi chini ya tani 20,000 mwaka 1986/87. Ugonjwa wa ubwiriunga ulichangia, na bei duni pia. Lakini yeyote atakayeandika historia ya anguko lile bila kuhesabu kilomita alizoongezewa mkulima kila alfajiri atakuwa ameandika nusu.

Nilipokuwa Uingereza kwa masomo, nilistaajabu kuona njia ya miguu ikikata katikati ya shamba la ngano la mtu, na mwenye shamba akiwajibika kuiacha wazi. Wenzetu wale hawakupewa bure. Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester, waliingia bila ruhusa katika mlima wa Kinder Scout, watano walifungwa. Sheria ya mwaka 1949 ndiyo iliyozilazimu halmashauri kuchora ramani rasmi za njia hizo. Leo Mwingereza anazitumia kutembeza mbwa. Shangazi yangu anaitumia ya kwake kupata maji ya kunywa, na hana ramani.

Sheria tunayo. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inatambua haki ya njia ya umma, ikiwemo njia ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka huohuo inakipa kijiji mamlaka juu ya ardhi yake. Kinachokosekana ni mtu wa kutembea njia kabla ya hati kutolewa, akiwa na kifaa cha kupimia na bibi mmoja wa kumwongoza. Nawaambia hili watumishi wa halmashauri wanaonisoma, ambao baadhi yao niliwafundisha: katika taarifa zenu vijia vya kuvukia Ruvuma mnaviita "njia za panya", kana kwamba wanaovipita kwenda kuzika ndugu zao Mueda ni panya. Njia mnayoijua kwa jina la tusi hamwezi kuichora.

Nilimwandikia mwenyekiti wa kijiji barua, nikiomba njia ya chemchemi iingizwe katika mpango kwa upana wa kuwatosha watu wawili wenye ndoo kupishana. Alijibu kwa adabu kwamba suala litapelekwa mkutano mkuu wa kijiji, baada ya msimu wa korosho. Miiba bado ipo. Wanawake wanazunguka kwa upande wa pili, mwendo wa karibu saa moja zaidi. Shangazi amesema siku ya mkutano atakwenda na ndoo yake.