Todd Matshikiza: Mwandishi wa Gazeti na Mtunzi wa Muziki

Si jambo geni kwetu mtu mmoja kuwa na kalamu na sauti pamoja. Shairi la Kiswahili tangu asili yake hutungwa ili liimbwe, na hata gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka mwaka 1923, halikuona tabu kuyaweka mashairi kando ya habari. Lakini ni nadra kumpata mtu ambaye kazi ya gazeti na kazi ya muziki zimeungana ndani yake hata isiwezekane kuieleza moja bila ya nyingine. Mtu wa namna hiyo alikuwa Todd Matshikiza wa Afrika ya Kusini, aliyefariki dunia Lusaka mwaka 1968. Makusudi ya makala haya ni kuyaeleza maisha yake kwa ufupi, kisha kuyatazama mambo mawili: jinsi lugha ya kigeni ilivyoweza kuuchukua mwendo wa muziki wa wenyeji, na jinsi muziki huo ulivyopatwa ulipopita katika mikono ya wengine.

Matshikiza alizaliwa Queenstown, katika upande wa mashariki wa jimbo la Cape, nchi ya Waxhosa. Baba yake alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Kianglikana, na mama yake alisifika kwa uimbaji. Nchi hiyo ilikuwa na mila kubwa ya kwaya. Wamisionari waliwafundisha watu kuandika sauti kwa herufi badala ya alama za mistari, na kwa njia hiyo nyepesi watunzi wa Kiafrika kama John Knox Bokwe wa Lovedale walipata kuhifadhi tungo zao kwa maandishi. Basi Matshikiza alikulia mahali ambapo kusoma na kuimba vilifundishwa kwa pamoja. Alipata masomo ya muziki katika chuo cha Adams huko Natal, akasomea ualimu Lovedale, na hapo hapo akafundisha kwa muda.

Mwaka 1947 alihamia Johannesburg. Mji huo uliokuwa ukivuta watu kwa dhahabu yake haukuwa na nafasi iliyomfaa Mwafrika mwenye elimu ya muziki. Alifundisha, akafungua shule yake ya piano, akauza vitabu dukani, na usiku alipiga piano na bendi ya jazi iliyoitwa Harlem Swingsters. Wakati huo huo aliendelea kutunga nyimbo za kwaya. Kwa hiyo alikuwa na masikio mawili: moja la kanisani na moja la kwenye ukumbi wa dansi.

Mwaka 1951 lilianzishwa huko Cape Town gazeti la picha lililoitwa The African Drum. Hapo kwanza lilijaa habari za mila na hadithi za mashamba, na wasomaji wa mjini hawakulipenda, kwa kuwa hawakujiona ndani yake. Lilipohamia Johannesburg na kuitwa Drum, chini ya mwenyewe Jim Bailey na mhariri Anthony Sampson, liligeuka kuwa gazeti la maisha ya mjini: michezo, muziki, uhalifu, na uchunguzi wa dhuluma. Matshikiza alikuwa miongoni mwa waandishi wake wa mwanzo, pamoja na Henry Nxumalo, na baadaye Can Themba, Bloke Modisane na Ezekiel Mphahlele, ambaye wasomaji wa Afrika ya Mashariki watamkumbuka kwa kazi yake Nairobi katika Chemchemi.

Sampson ameeleza kuwa Matshikiza aliiandama mashine ya kupigia chapa kama kwamba ni piano, na kwamba aliandika kama alivyosema, kila sentensi ikiwa na mapigo yake. Ushahidi huo wafaa kuzingatiwa na wana lugha. Kiingereza alichokiandika si kile cha shuleni Lovedale, wala si Kiingereza kilichoharibika. Ni Kiingereza kilichokatwa vipande vifupi, kikarudia neno kama mpiga tarumbeta anavyorudia sauti, kikaazima maneno ya Wamarekani weusi na ya mitaa ya Johannesburg, na kikabuni vitenzi ambavyo kamusi haikuvijua. Wenzake gazetini waliupa mtindo huo jina lililotokana na jina lake mwenyewe. Lugha aliyopewa na mtawala aliifanya ifuate ngoma yake, wala hakuomba ruhusa.

Makala zake juu ya bendi na waimbaji zina thamani nyingine. Muziki wa mitaa ya Waafrika haukuwa na mwanahistoria. Wapigaji walikufa, na nyumba walimopigia zilivunjwa: kuanzia mwezi wa Februari 1955 serikali iliwahamisha watu wa Sophiatown kwa nguvu. Aliyoyaandika Matshikiza yamebaki kuwa kumbukumbu ya mambo ambayo mawe yake hayapo tena.

Kalamu haikumzuia kutunga. Wimbo wa kwaya Makhalipile aliutunga kwa heshima ya padri Trevor Huddleston, aliyewatetea watu wa Sophiatown. Jina lenyewe lina maana ya shujaa asiyeogopa. Mwaka 1956 mji wa Johannesburg ulipotimiza miaka 70, alitakiwa atunge kazi ya kwaya na okestra, akatunga Uxolo, yaani amani. Mji uliokuwa ukibomoa nyumba za Waafrika ulipewa na Mwafrika wimbo wa amani. Jina hilo laweza kusomwa kuwa zawadi, na laweza pia kusomwa kuwa dai.

Kazi iliyomtangaza zaidi ni King Kong, mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, juu ya maisha ya bondia Ezekiel Dlamini, aliyemwua mpenzi wake na kufa maji kifungoni. Ulionyeshwa kwanza tarehe 2 Februari 1959 katika ukumbi mkuu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambapo watu wa rangi zote waliweza kuutazama. Nathan Mdledle na Miriam Makeba walikuwa wachezaji wakuu. Wimbo wa kufungulia ulikuwa na maneno ya Kixhosa, na wasikilizaji walioijua lugha hiyo waliyafahamu kuwa yanawahusu wale walioshitakiwa kwa uhaini tangu mwaka 1956. Hivyo lugha ya mama ilisema hadharani jambo ambalo Kiingereza kisingeachiwa kulisema.

Hata hivyo ushindi huo ulikuwa na uchungu ndani yake. Muziki ulipita kwa wapangaji wa Kizungu, na ulipofikishwa London mwaka 1961 ulikuwa umelainishwa ili uwapendeze watazamaji wa huko. Matshikiza hakuficha kwamba alifadhaishwa na kazi hiyo ya pamoja. Alikuwa amekwisha hamia London na jamaa yake mwaka 1960, na mwaka 1961 alitoa kitabu cha maisha yake, Chocolates for My Wife, kilichopigwa marufuku kwao. Mwaka 1964 alikwenda Zambia kufanya kazi ya redio, kisha akawa mtunza kumbukumbu za muziki. Nchi yake hakuiona tena.

Mwisho huo wastahili kufikiriwa. Mtu aliyeandika habari za muziki uliopigwa jana usiku alimaliza siku zake akihifadhi muziki wa watu wengine, mbali na wapigaji wake. Mwanawe John alifuata njia ya jukwaa na ya gazeti, na mwaka 2000 maandishi ya wawili hao yalitolewa katika kitabu kimoja. Na mwaka 2017 King Kong ulichezwa tena Cape Town. Wanaochunguza lugha za Afrika wamezoea kuliuliza neno maana yake na asili yake. Maandishi ya Matshikiza yatudai tuliulize pia mwendo wake, maana kwake yeye mapigo ya sentensi hayakuwa pambo: ndiyo sehemu ya lugha ambayo hakuna sheria iliyoweza kumnyang'anya.