Hori Lisilo na Barafu

Wenye fedha za kusafiri hupanda meli kwenda Norwe, Greenland, hata Antaktika, wakasimama sitahani kutazama barafuto likimeguka baharini. Hupita katika fiyodi, yaani mahori marefu membamba yaliyochongwa na barafu, kisha yakajaa maji ya bahari. Sisi wa visiwani twayajua mahori ya mikoko tu. Hata hivyo sura ya fiyodi tunayo bara, katika Ziwa Nyasa. Kutoka Matema, mkoani Mbeya, hadi pwani ya Ludewa, iliyokuwa mkoa wa Iringa hadi ulipoundwa mkoa wa Njombe mwaka 2012, milima inasimama wima juu ya maji. Vilele vyake vinapita mita 2,000, na ziwa lenyewe, mahali penye kina kirefu zaidi, hufika takriban mita 700. Kilichochonga hapa ni ufa mkubwa wa ardhi.

Ramani huiita milima ya Livingstone. David Livingstone alipolisafiria ziwa mwaka 1861 alifuata ufuko wa magharibi, akarudi kabla ya kuifikia ncha ya kaskazini. Jina lilitolewa na E. D. Young, aliyelizunguka ziwa mwaka 1875 kwa meli ndogo ya mvuke, Ilala, ya misheni ya Waskoti. Meli hiyo ilifunguliwa vipande vipande, mamia ya wapagazi wakavipandisha kando ya maporomoko ya mto Shire, ndipo ikaundwa upya. Nahodha akapata kutaja milima. Waliobeba meli mabegani hawakupata hata kutajwa wao.

Wala Ilala haikuwa chombo cha kwanza cha wageni. Majahazi ya watu wa pwani yalikwisha kuvuka ziwa, hasa kutoka Nkhotakota alikotawala Jumbe, yakichukua pembe na mateka walioelekezwa Kilwa. Nadhani ni haki tuliseme hili sisi wenyewe, maana manahodha wale walizijua pepo za ziwa kabla ya Young, na shehena yao ndiyo iliyomleta.

Chini ya milima hiyo waliishi, na wangali wanaishi, Wakisi. Ardhi yao ni ukanda mwembamba, jembe halina nafasi kubwa. Basi wanawake hufinyanga vyungu, navyo hupakiwa mitumbwini hadi soko la Matema. Kwao genge lile ni ukuta wa nyuma ya nyumba.

Na barafu? Ilikuwako. Katika bonde la Ruhuhu, huko huko Ludewa, wanajiolojia wamekuta tabaka waliloliita Idusi: mawe ya kila ukubwa yaliyovurugwa pamoja na tope, kama yaachwavyo na barafuto linapoyeyuka. Umri wake ni miaka milioni 300 hivi, wakati nchi hii ilipokuwa sehemu ya bara la Gondwana, karibu zaidi na ncha ya kusini ya dunia. Hali ya hewa ilipopata joto misitu ilimea kwenye vinamasi, ikazikwa, ikawa makaa ya mawe ya Mchuchuma, yaliyolala juu ya mabaki hayo ya barafu.